Kimoto cha Bi Mkubwa

Mume wangu Idwal ana wake wawili, na mimi ndiye mdogo. Mkubwa anakaa chini ya ukumbi wa kanisa. Ana kimo cha kabati la nguo, tumbo la chuma na rangi ya kijani iliyobabuka, na kwa miaka thelathini na minne nimelala kitanda kimoja na mwanamume anayenuka gesi ya mke mwenzangu. Ni boila, mtambo wa gesi unaoupasha ukumbi joto. Idwal mwenyewe alimpa jina la Bi Mkubwa siku tuliyohamia nyumba ya mtunzaji wa kanisa. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, maana tulikuwa bado vijana.

Kazi ya mtunzaji wa Salem, kanisa letu hapa kijijini Blaen-nant, haina maneno mengi. Unafagia. Unapanga vitabu vya nyimbo. Kila Jumamosi unapachika namba za nyimbo kwenye ule ubao wa ukutani. Na kuanzia Septemba mpaka Mei unahakikisha ukumbi una joto. Ukifanya hayo, nyumba iliyoegemea ubavu wa ukumbi ni yako ya kuishi. Usipoyafanya, unafungasha. Ndivyo ilivyoandikwa, na sisi hatuna nyumba nyingine popote.

Sasa, Februari mwaka ule Idwal alianguka jikoni na kijiko cha supu mkononi. Kiharusi. Mguu wa kulia ukarudi nusu, mkono wa kulia ukarudi robo, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, mtu aliyekuwa akiongea mpaka na mbwa wa watu, likarudi neno moja. Jumanne. Ukimpa chai, "Jumanne." Ukimuuliza kama ana baridi, "Jumanne." Ukimkanyaga kidole, "Jumanne!" na hapo unajua kabisa kwamba umetukanwa. Daktari alisema ubongo ukiumia hivyo huweza kung'ang'ania neno lolote, hauchagui. Sawa. Lakini kwa nini lisiwe Nesta, jina langu? Jumanne ndiyo siku gari la taka linapopita. Miaka arobaini na moja ya ndoa, halafu mtu anabakiza siku ya takataka! Nililia kwa hilo, sitaficha.

Machi nikampeleka kanisani. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa, tuombe kimya kimya, na kanisa zima likatulia. "Jumanne!" akasema Idwal, kwa lile jisauti lake la besi. Watoto wakaangua kicheko, hata watu wazima wawili watatu mabega yakawatikisika. Nikamshika mkono nikamtoa. Tangu siku ile sikumrudisha. Watu wakiuliza, nasema ni mguu wake, haumudu ngazi. Uongo mtupu. Niliona aibu.

Basi Septemba ikafika, na mtu wa kumwasha Bi Mkubwa nikawa mimi. Miaka yote alimwasha Idwal, tena mlango kaufunga. Nilichokuwa nikisikia mimi ni sauti yake mle ndani, anaimba. Nikadhani anambembeleza. Nikawa nagongagonga sufuria kwa makusudi, asikie kwamba na huku juu kuna mke.

Kumwasha ni hivi. Unageuza kitasa, unabonyeza kitufe chekundu, unapeleka kiberiti, na kimoto kidogo cha bluu kinasimama, hakizidi ukucha. Hicho ndicho cha kuwashia moto mkubwa. Unaendelea kubonyeza kidogo, halafu unaachia kitufe, na kimoto kinabaki. Kwa wenzangu kinabaki. Kwangu mimi nikibonyeza kipo, nikiachia, puu, kimekufa. Septemba nzima, puu. Oktoba, puu. Novemba mvua ikaanza kuja kiubavuubavu kutoka mlimani, na ukumbini watu wakawa wanapumua moshi kama ng'ombe.

Alhamisi moja akaja Eunice Probert, katibu wa kamati ya kanisa. Mimi na Eunice tulisoma darasa moja. Ana kofia kwa kila aina ya mvua, na kila kofia inamkaa kama amri.

"Nesta, shoga yangu," akasema, bila kuvua kofia. "Jana kwaya imeimba na makoti. Yule mzee wa besi ameimba na glavu."

"Anaimba vibaya hata bila glavu."

"Sikuja kucheka."

"Hujawahi."

Akafungua daftari lake, akalifunga tena. Nikajua kuna jambo, maana Eunice akifungua daftari husoma. "Jumamosi, saa nane mchana, nakuja kuangalia boila. Fundi atakuwepo, ataweka sahihi. Likiwaka, yameisha. Lisipowaka, kamati imeshakubaliana. Ukumbi unafungwa. Unauzwa. Pamoja na..."

"Pamoja na nini? Malizia, mama. Mdomo ni wako."

"Pamoja na nyumba. Nesta, si mimi. Tungekuwa na uwezo tungenunua jipya. Mtapata chumba kule mjini, kwenye yale majengo ya wazee. Kuna lifti."

"Idwal anaogopa lifti."

"Atazoea."

"Atazoea nini? Eunice, mtu huyu ana neno moja tu na ameshindwa kulizoea! Toka. Toka na kofia yako."

Akatoka. Nilipogeuka, Idwal alikuwa kitini kando ya dirisha, ananiangalia. Alikuwa amesikia yote. Kiharusi kilimchukulia maneno, masikio kikamwachia, na sijui kama hiyo ni huruma au ni kejeli.

Ijumaa asubuhi akaja fundi wa gesi kutoka mjini. Anaitwa Gethin, kijana wa miaka thelathini, ndevu nyekundu, adabu tele. Akashuka zile ngazi tano, akamwona Bi Mkubwa, akavua kofia.

"Loh! Mama, hili nimeliona kwenye kitabu tu."

"Basi leo umelikuta nyumbani kwake. Salimia, uanze kazi."

Akapiga magoti. Akafungua kifuniko, akachungulia na tochi, akachomoa kijibomba kinachotoa ile gesi ya kimoto, akakisafisha kwa brashi mpaka kikang'aa. Akawasha, akabonyeza, akahesabu sekunde thelathini kama maandishi ya kiwandani yanavyosema. Akaachia. Puu.

"Si uchafu," akasema. Akaenda kuangalia bomba la moshi, maana ndege wa huku hupenda kujenga humo. Hakuna kiota. Akashika karatasi mbele ya mlango kuona kama upepo unaingia. Karatasi ikatulia tuli. Akarudi, akanionyesha kijiti cha shaba kilichochomoza ndani ya kimoto.

"Unaona hiki, mama? Kinakaa ndani ya moto. Kikipata joto kinaiambia vali ya gesi, 'Fungua, huku kuna moto.' Kikipoa kinasema, 'Funga, gesi inavuja, tutalipuka.'"

"Kwa hiyo ni mbea."

"Eh?"

"Hicho kijiti. Kazi yake kupeleka habari."

Gethin akacheka. "Ndiyo, mama. Na mbea wako amechoka. Ninaye mwingine kwenye gari." Akaleta kijiti kipya, akafunga, akabonyeza, akahesabu, akaachia. Puu. Akakuna ndevu. Akajaribu tena. Puu.

"Mbea ni mzima sasa," akasema polepole. "Kiziwi ni yule anayepelekewa habari. Ni vali, mama. Ina sumaku ndani, imezeeka, na vali kama hii haitengenezwi tena popote. Mzee alikuwa analiwashaje?"

"Alifunga mlango."

Tukaufunga mlango, angalau tuone. Na nyuma ya mlango ndipo tulipokuta karatasi, imebandikwa kwa gundi, imeshakuwa rangi ya chai. Mwandiko wa Idwal. *Bonyeza. 88/2. Achia.*

Jamani, furaha tuliyoipata! Gethin akasema hiyo ni hesabu, themanini na nane gawanya kwa mbili, sekunde arobaini na nne. Akabonyeza sekunde arobaini na nne. Puu. Akasema basi ni themanini na nane zenyewe, mara mbili. Akabonyeza themanini na nane, jasho likamtoka, akaachia, puu, akarudia, puu. Akakaa chini sakafuni.

"Hakuna boila linalobonyezwa zaidi ya hapo, mama. Ukizidisha unachosha kidole tu. Samahani. Kesho katibu ataniuliza, na siwezi kuandika uongo."

"Sijakwambia uandike uongo," nikamjibu, ingawa ndicho nilichokuwa nimetaka kumwambia.

Jioni nikamwonyesha Idwal ile karatasi. "Themanini na nane ni nini? Sekunde? Nyuzi? Mwaka?"

"Jumanne," akasema, akainuka nusu kitini, macho yamemtoka.

"Najua Jumanne. Themanini na nane."

"Jumanne. Jumanne!" Akaipiga karatasi kwa mkono mzima, wa kushoto. Halafu akaanza kugonga mkono wa kiti, taratibu, mapigo manne, mapigo manne, huku akinikazia macho. Nikadhani ana njaa. Nikamletea mkate na siagi. Akausukuma, sahani ikaanguka.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamfokea kwamba miaka thelathini na minne amenifungia mlango kwa siri yake ya kipuuzi, na sasa tunafukuzwa kwa sababu yake, na kama angenionyesha mara moja tu, mara moja, tusingekuwa hapa. Idwal akainamisha kichwa.

"Jumanne," akasema, chini chini. Hiyo ilikuwa pole. Nikaokota mkate.

Jumamosi asubuhi, nyumba yangu yote kichwani mwangu ilikuwa tayari ndani ya masanduku. Lakini kazi ni kazi, na Jumapili ilikuwa kesho. Nikaingia kanisani na lile sanduku la namba, nikaanza kuzipachika kwenye ubao. Wimbo wa kwanza, mia na kumi na mbili. Wa pili, arobaini. Nikatia mkono sandukuni kutafuta tatu, nikatoa nane. Nikatia tena. Nane. Nimesimama pale kwenye kiti, nane mkono huu, nane mkono huu, mbele ya ubao wa nyimbo.

Mungu wangu. Nusura nianguke.

Themanini na nane! Ni wimbo wa hapa hapa, uliotungwa na fundi viatu wa bonde hili kabla babu yangu hajazaliwa, na hakuna anayeuimba nje ya Blaen-nant kwa sababu ni mrefu na hauishi. Themanini na nane, ubeti wa pili. Mwanamume alikuwa hapimi kwa saa, anapima kwa wimbo! Ndiyo maana alikuwa anaimba mle ndani. Na jana alikuwa ananigongea mapigo ya wimbo, nami nikampa mkate.

Nikashuka zile ngazi mbio, na aproni yangu, na mafua yangu. Kitasa, kitufe, kiberiti. Nikaimba. Mimi ni sauti ya kwanza, miaka hamsini juu kwenye roshani ya wanawake, na ubeti ule naujua hata usingizini. Nikaumaliza vizuri. Nikaachia.

Puu.

Nikaimba tena, polepole zaidi. Puu. Nikaimba nikiwa nimefumba macho. Nikaimba nikiwa nimepiga magoti. Puu, puu. Mara ya saba kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi, na nilimwambia Bi Mkubwa maneno ambayo hayajapata kusemwa chini ya kanisa letu. Kisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeipata siri ya mume wangu na bado haikunisaidia kitu.

Saa nane kasorobo nikamvalisha Idwal suti ya kanisani. Akashangaa. "Jumanne?"

"Tunakwenda kwa mke mwenzangu. Kama tunafukuzwa, tufukuzwe sote, na tuwe tumevaa vizuri."

Ngazi tano zilituchukua muda. Yeye na fimbo, mimi chini ya kwapa lake. Eunice alikuwa ameshafika, kofia ya kijivu, daftari kifuani, mkoba begani. Gethin alisimama pembeni na fomu yake, anaangalia viatu. Nikamkalisha Idwal juu ya ndoo.

"Idwal, habari yako, ndugu yangu," akasema Eunice.

"Jumanne."

"Ndiyo," akasema Eunice. Akakohoa. "Haya, Nesta. Mara moja tu. Nisingependa kurefusha."

Mara moja tu. Nikageuza kitasa, nikabonyeza, nikawasha. Kimoto kikasimama, bluu, kizuri, kama kawaida yake cha kinafiki. Nikaanza kuimba. Nilisikia Gethin akivuta pumzi, labda alidhani nimerukwa na akili. Sikumjali. Niliimba kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Na mle ndani, sauti ikigonga ukuta wa chuma na kurudi, nikafika mistari miwili ya mwisho:

*Nami nikiamka nitakuona
mlangoni, na taa mkononi.*

Nikamaliza. Nikanyamaza.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halisemwi, kwa kuwa hakuna asiyelijua. Salem, wanawake wakimaliza ubeti hunyamaza. Mistari miwili ya mwisho wanaume hubaki nayo peke yao kule chini, wanairudia, mara tatu, kila mara taratibu kuliko mwanzo, mpaka mbao za sakafu zinanguruma. Sisi huko juu hatuimbi. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kutafuta peremende mkobani. Miaka hamsini nimetafuta peremende hapo. Kwangu mimi ubeti unaishia pale mdomo wangu unapofungwa, na isingenijia akilini, hata ungenipiga, kwamba kwa mwanamume ubeti ule ule ndio kwanza umefika katikati.

Nikanyamaza, basi. Na Eunice, kwa mazoea, bila hata kujijua, akafungua mkoba wake kutafuta peremende. Kidole changu kilikuwa kinaanza kuinuka.

*Nami nikiamka...*

Sauti ilitoka nyuma yangu, kutoka chini, ya kukwaruza, ya mlango ambao haujafunguliwa tangu Februari. Besi.

*...nitakuona mlangoni, na taa mkononi.*

Maneno. Yote, moja baada ya jingine, kila moja na mahali pake. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka yataisha. Nikakibana kile kitufe kwa nguvu zangu zote, si kwa akili yoyote, ni kwa mshtuko tu, kama mtu anayeshika ukingo wa meza. Akairudia mara ya pili, polepole zaidi. Nikasikia fimbo yake inagonga sakafu, mapigo manne, mapigo manne. Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshafunguka, ikawa ni yake kabisa, ile niliyoisikia nikiwa na miaka kumi na tisa kule roshanini nikainama kuangalia ni ya nani.

Akamaliza.

Nikaachia.

Kimoto hakikutikisika.

Nikangoja. Gethin akapiga magoti kando yangu, tukakiangalia wote kama watu wanaoangalia mtoto mchanga. Kikabaki. Akanyoosha mkono, akageuza kitasa hadi mwisho, na Bi Mkubwa akaguna, akavuta pumzi, akawaka tumbo zima, vuuu, mpaka mabomba juu yetu yakaanza kugongagonga kwa furaha.

Nikageuka. Idwal amekaa juu ya ndoo, suti yake, tai yake, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Idwal?" nikasema. "Idwal, umesema!"

Akafungua mdomo. Akatafuta. Nilimwona anatafuta.

"Jumanne," akasema.

Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikamkumbatia kichwa, nikampaka masizi. Peremende ya Eunice ilikuwa sakafuni. Eunice mwenyewe alikuwa ametazama ukutani, kofia imemwendea upande.

"Andika linawaka," akamwambia Gethin.

"Nimeshaandika, mama."

"Basi andika tena."

Wakati wa kuondoka Gethin akanivuta kando. "Nimepima kwa saa, mama. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Nilikosea mimi, sumaku ile inahitaji muda wote huo kuamka. Kwa hiyo si lazima kuimba, sawa? Hesabu kwa saa tu. Na likishashika hivi halitazimika tena mpaka mlizime wenyewe mwezi wa Mei."

"Asante, mwanangu," nikasema. "Asante sana." Na kwa kweli nilishukuru, ingawa neno la mwisho lilinikaa vibaya kifuani.

Kesho yake nilimpeleka kanisani. Alisema Jumanne mara mbili kwenye mahubiri, na wale watoto walipogeuka kucheka niliwakazia jicho wakageuka mbele. Wimbo ulipoanza, aliimba beti zote. Mashemasi walilia kama wanawake. Lakini mimi niko juu na wanawake, yeye yuko chini na wanaume, na akitoka pale nje ni Jumanne tena. Nyumbani nilijaribu. Nilimwimbia jikoni, nilimwimbia kitandani. Ananiangalia kwa upole, anakunywa chai yake. Daktari ana maelezo yake kuhusu upande huu na upande huu wa ubongo. Mimi najua tu kwamba ni mle chini ndipo alipokuwa akiuimba wimbo huo peke yake kila mwaka, na ni mle chini tu ndipo anaponiimbia.

Na kimoto kilikuwa hakizimiki tena mpaka Mei.

Basi nitasema. Kila Jumanne, gari la taka likishapita, kama saa nne asubuhi hivi, nashuka ngazi tano na kukigeuza kitasa mimi mwenyewe. Puu. Halafu napanda kumwita. "Idwal, Bi Mkubwa kazimika tena."

"Jumanne," anasema Idwal, na siku hiyo anakuwa amesema kweli. Tayari ameshavaa koti.

Iliendelea hivyo mpaka Januari. Jumanne moja nimeinama, mkono kwenye kitasa, nakigeuza, Idwal, ambaye siku hiyo tulishuka pamoja, tayari juu ya ndoo yake, nikasikia viatu kwenye ngazi. Eunice. Amekuja kuchukua birika kubwa la ukumbini, na mlango sikuufunga. Akaona mkono wangu. Akaona kimoto kinavyokufa.

Nyumba yote ikaniondoka tena mbele ya macho.

"Nesta," akasema.

"Limezimika."

"Limezimika lenyewe?"

"Ndiyo."

Akaniangalia mimi, akamwangalia Idwal na tai yake. Akaangalia kitasa. Eunice si mjinga, hajawahi kuwa, hata darasani alikuwa ananizidi hesabu.

"Kila Jumanne nikipita hapa nje nasikia wimbo, kumbe limezimika," akasema.

Idwal akanisaidia. "Jumanne," akasema.

Eunice akavua kofia. Sijapata kumwona Eunice bila kofia tangu shule, nywele zake zimekuwa nyeupe pe. Akaiweka juu ya bomba, akasogea kando yangu, akaniambia nisimbane, nimpishe, yeye ni sauti ya pili na anahitaji nafasi ya kuvuta pumzi. Nikawasha kiberiti. Tukaimba, sauti mbili zilizozeeka, na moja kati ya hizo imetoka nje ya tuni, na sisemi ni ya nani. Tukafika mwisho wa ubeti. Eunice akafungua mkoba, akanipa peremende moja, akachukua yake, na sote wawili tukanyamaza, tukamwachia Idwal nafasi yake.